Shingo ya Kitinda

Mdogo wangu anayenifuata ni kinyozi, na kwa miaka mingi watu hawakwenda kwake kwa ajili ya nywele. Nywele unanyolewa popote. Walimfuata kwa ajili ya shingo. Akishamaliza kukunyoa, akakufuta povu masikioni na kukupaka spiriti inayokuchoma mpaka unakunja vidole vya miguu, alikiegemeza kichwa chako kifuani pake, mkono mmoja chini ya kidevu, mwingine utosini. Hapo anakuuliza habari za mpira au za mkeo ili ujisahau, halafu anazungusha ghafla. Ka! Upande wa pili, ka! Mteja anainuka macho yamelegea, anazungusha mabega, anasema leo nimezaliwa upya. Kwa sababu hiyo wakambandika jina la Mlio, na siku hizi hata mama mkwe wake anamwita hivyo.

Mimi sikuwahi kuupenda ule mchezo, lakini nisijitie ujuzi wa baada ya mambo kutokea. Ile sauti tu ilinikera, kama anavyonikera mtu anayetafuna huku mdomo wazi. Mlio alifundishwa na kinyozi aliyempokea kazini, naye alifundishwa na wake, na wote waliamini kwamba mtu akishavunjwa shingo, kama wanavyouita wenyewe ule mchezo, uchovu unamtoka. Hakuna mteja aliyewahi kudhurika. Au tuseme hakuna aliyewahi kurudi kulalamika.

Wazazi wetu walifariki wakapishana kwa muda mfupi. Mimi nilikuwa nimeshaolewa, niko mbali, nina mtoto mgongoni na mwingine tumboni. Mlio ndiye aliyebaki na kitindamimba wetu, ambaye mpaka leo, na ndevu zake, tunamwita Kitinda. Mlio mwenyewe alikuwa bado kijana wa shule. Akaacha shule, akaenda kujifunza mkasi, na kichwa cha kujifunzia kikawa cha Kitinda. Mtoto alikwenda darasani amenyolewa mabaka mabaka, wenzake wakamcheka hadi mwalimu naye akageukia ubaoni ili acheke vizuri. Kitinda hakusema nani kamnyoa. Aliwaambia amejinyoa mwenyewe. Tangu utotoni alikuwa hivyo: ukimgusa Mlio, umemgusa yeye.

Alipokua akawa fundi rangi, na mdomo wake haukukaa hata kidogo. Anapaka huku anaongea. Anaongea na mwenye nyumba, na fundi umeme, na ukuta. Wenye nyumba walimpenda kwa sababu aliweza kumweleza mama mmoja aliyetaka sebule nyekundu, kwa upole kabisa, kwamba baada ya wiki wageni watadhani wanakaa tumboni mwa ng'ombe, na mama yule akacheka, akachagua rangi ya maziwa. Hajaoa. Kila nilipomuuliza alisema anasubiri nikasirike vizuri kwanza.

Sasa yaliyotokea. Kitinda alipata kazi ya kupaka dari la ukumbi mkubwa. Kutwa nzima yuko juu ya ngazi, kichwa kimetupwa nyuma, rangi inamdondokea puani. Siku ya nne hivi akaanza kulalamika maumivu upande wa kushoto wa shingo, yakipanda mpaka nyuma ya jicho. Jioni akapitia kwa Mlio, akajitupa kwenye kiti. Haya nilisimuliwa baadaye na Mlio mwenyewe, na nayaandika kama alivyoyasema. Alimzungusha mara ya kwanza, shingo haikulia. Akamwambia legeza, unakaza kama nguzo. Akamzungusha tena kwa nguvu zaidi, ikalia. Kitinda akasema asante kaka, akakaa kidogo akijishika shingo, akaondoka. Hakusema amezaliwa upya.

Jumapili walitakiwa waje kwangu kula mchana, maana tulishahamia karibu nao. Mlio alichelewa, kwa hiyo tulikuwa mimi, mume wangu na Kitinda. Kitinda alikuwa anatusimulia habari za msimamizi wa ukumbi, mtu anayevaa kofia ya ujenzi hata akienda kununua vocha. Kikombe kikamtoka mkononi. Akakiangalia pale sakafuni kama si chake. Nikamwambia wee, huna hata haya, ndipo akanigeukia nikaona mdomo umevutwa upande mmoja na maneno yanatoka yamelegea. Mama mkwe wangu alianza hivyo hivyo, tukamlaza apumzike, na hakuinuka tena. Sikungoja mtu aniambie jambo. Mume wangu alikimbia kwa jirani mwenye gari, nasi tukamwingiza Kitinda viatu mkononi.

Tukiwa njiani mkono ulianza kurudi. Tulipofika hospitali mdomo ulikuwa umenyooka, na yeye ameshaanza kumtania mlinzi wa getini. Nikalia kwa furaha, nikajiona mjinga, nikalia tena.

Tulimkuta daktari wa mishipa ya fahamu, mwanamke kijana wa sauti ya chini, asiye na haraka. Hakufurahi kama sisi. Alituambia kiharusi ni cha namna mbili: mshipa unaweza kupasuka, damu ikavuja ndani ya ubongo, au mshipa unaweza kuziba, damu isifike. Kwa nje vinafanana, lakini dawa ya kimoja inaweza kuwa sumu kwa kingine, ndiyo maana kwanza ni picha ya kichwa. Picha ikatoka safi. Hakukuwa na damu iliyovuja wala sehemu iliyokufa. Kwa hiyo, akasema, mshipa uliziba ukazibuka wenyewe. Ni kiharusi cha kupita, lakini wengi wakishapita hivi hurudi, na kikirudi huwa hakina adabu. Kazi yetu sasa ni kujua donge lile la damu lilitoka wapi, ili tuzuie la pili. Akampa aspirini, akamlaza wodini.

Hapo ndipo Mlio alipofika, bado amevaa aproni yenye nywele za watu. Alimshika Kitinda uso kwa mikono miwili, akamwangalia kila upande. Kitinda akamwambia, "Kaka, usinikague, sijanyolewa vibaya."

Wakaanza kutafuta. Presha ilikuwa ya kawaida. Sukari ya kawaida. Wakambandika nyaya kifuani kuona kama moyo unapiga bila mpangilio, maana moyo wa namna hiyo hutengeneza madonge na kuyarusha kichwani, ukakutwa unapiga sawasawa. Wakauangalia moyo wenyewe kwa mashine ya picha, hauna kasoro. Havuti sigara. Damu yake haina ugonjwa. Kila jibu zuri lilipokuja mimi nilishukuru, lakini daktari alizidi kukunja uso. Kesho yake akaja na kiti, akakaa kando ya kitanda. Mimi nilikuwa upande huu, Mlio miguuni.

Alisema kwa kijana kama huyu, asiye na presha wala sukari, yeye huitilia shaka shingo. Kuna mishipa mikubwa inayopita pale kupeleka damu kichwani, na inaweza kuchanika kwa ndani bila mtu kujua. Kipimo cha kuiona kipo, lakini mashine ni moja na foleni ndefu, hivyo wanatangulizwa wale wenye sababu. Akamuuliza Kitinda kama aliwahi kuanguka siku za karibuni, kupata ajali, kukabwa, au kuzungushwa shingo kwa nguvu na mtu yeyote.

Kitinda alimtazama Mlio. Mimi nililiona jicho lile, nikadhani ni jicho tu.

"Hapana," akasema. "Shingo yangu haijaguswa na mtu. Kazi yangu ni rangi tu."

Daktari akamuuliza maumivu je. Akasema kidogo, ya ngazi, yameshaisha. Daktari akamgeukia Mlio, akamuuliza yeye kama kaka anajua lolote. Mlio akatikisa kichwa. Basi jina la Kitinda likaingizwa kwenye foleni kama majina mengine, kipimo wiki ijayo.

Hiyo ndiyo ilikuwa siku yetu ya kusema, na ilipita hivyo hivyo, watu tukiongea na wagonjwa wa vitanda vya jirani.

Siku iliyofuata, saa ya kuona wagonjwa, nilimpelekea chai ya maziwa kwenye chupa. Alikuwa amekaa vizuri, ameegemea mto, anamweleza Mlio kwamba akitoka ataipaka ile wodi bure maana rangi yake inaongeza ugonjwa. Alisema, "Pale juu ningeweka..." Akanyamaza. Nikadhani anatafuta jina la rangi. Mlio naye alingoja. Mkono wa kulia ukateleza kutoka kwenye shuka ukaning'inia, kichwa kikaanguka upande, na macho yake yakabaki wazi yakitutazama. Alikuwa anatuona. Alijaribu kulimalizia lile neno na kikatoka kitu ambacho si neno.

Niliita manesi kwa sauti sijui ya nani. Daktari alikuja anakimbia, na kabla hajamfikia mgonjwa Mlio alimzuia njiani kwa mikono yote miwili.

"Nilimvunja shingo," alimwambia. "Ijumaa, kwenye kiti changu. Mara mbili. Mimi ni kinyozi, ndiyo kazi yangu. Alikataa kusema kwa sababu yangu."

Daktari alimpita, akainama kitandani. Alimuuliza swali moja tu, mara ya mwisho Kitinda ameongea vizuri ni lini, nami nikamwambia ni sasa hivi, chai haijapoa. Akaagiza picha ya kichwa na ya mishipa ya shingo kwa mpigo, na foleni ikasogezwa pembeni kama vile haikuwahi kuwapo.

Majibu alituelezea kwenye korido, akituonyesha kwenye kioo cha kompyuta. Mshipa wa kushoto wa shingo ulikuwa umechanika tabaka la ndani. Alisema nifikirie bitana la koti: likifumuka, mkono badala ya kuingia kwenye mkono wa koti unaingia katikati ya kitambaa na bitana, unakwama. Damu ilijipenyeza namna hiyo, ikaganda, na vipande vikawa vinakatika na kupanda kichwani. Cha kwanza kilikuwa kidogo. Hiki cha leo kimeziba mahali panapotengeneza maneno na panapoongoza upande wote wa kulia. Ipo dawa ya kuyeyusha donge, na muda wake haujapita. Inaweza kumrudishia mengi. Inaweza pia kumvujisha damu ubongoni, na ikiwa hivyo anaweza kufia mikononi mwao. Kwa kuwa picha haionyeshi damu, na ugonjwa ni mzito, yeye angempa. Lakini alitaka ndugu waseme ndiyo kwa kuelewa, na wasichukue muda mrefu, maana kila tunavyongoja sehemu nyingine inakufa.

Mlio alikuwa amechuchumaa ukutani. Nilimwambia wewe ndiye uliyemlea, sema. Akasema hastahili kuchagua chochote juu ya mtoto yule, nichague mimi. Nilitamani kumpiga. Nikamwambia daktari mpe.

Dawa haikumuua. Usiku ule mguu ulianza kujikunja ukitekenywa, na tukapeana mikono na manesi. Siku zilizofuata mguu ukapata nguvu ya kumsimamisha, mdomo ukanyooka karibu wote. Mkono wa kulia ulibaki umelala. Na maneno hayakurudi. Anaelewa, ukimwambia mzaha anacheka pale pale panapochekesha, lakini akifungua mdomo inatoka sauti moja ndefu, naye anaisikia, anafunga mdomo. Daktari alimwanzishia dawa ya kuzuia damu kuganda, ya kumeza kwa miezi kadhaa mpaka mshipa ujifunge, akatuonya kuwa mtu anayeitumia akijikata anavuja sana. Madonge hayakutoka tena. Kwa maana hiyo matibabu yalifanikiwa.

Daktari alimkalisha Mlio ofisini mwake, mimi nikiwepo, akamwambia ukweli wote. Yale maumivu ya shingo Kitinda aliyokwenda nayo kwenye kiti yanaweza kuwa ndiyo mchaniko wenyewe, ulioanzia juu ya ngazi. Au ulianza kidogo kwenye ngazi na ukamaliziwa kwenye kiti. Au ulianzia kwenye kiti. Picha haiwezi kusema, na yeye hatasema asichokijua. Alimwomba tu asizungushe shingo ya mtu tena. Mlio aliitikia kila kitu vizuri, na najua hakubakisha kichwani ila lile la kwamba ulianzia kwenye kiti.

Nami nilirudi peke yangu nikamuuliza daktari lile nililotaka kujua. Kama tungesema siku ile alipouliza? Akasema angempima siku ile ile, na pengine angembadilishia dawa, na pengine kiharusi cha pili kingekuja tu, kwa sababu huwa kinakuja hata kwa waliosema. Hiyo "pengine" ya daktari sijampelekea Mlio. Ninayo mwenyewe, na ni nzito.

Lakini sikumwacha hivi hivi. Nina hasira, sikatai. Siku tuliyomtoa Kitinda hospitali, tukiwa tunafunga vitu vyake, nilimuuliza Mlio ilikuwaje akatikisa kichwa wakati daktari anamuuliza uso kwa uso.

"Aliniangalia, dada," akasema. "Nikaona ananiambia ninyamaze. Nikanyamaza."

"Wewe ni mkubwa wake."

Akakubali kuwa yeye ni mkubwa wake. Alibeba mabegi mpaka kwenye gari, akafunga mlango, na hakupanda.

Kitinda tukamleta kwangu. Kila asubuhi mume wangu anamtembeza uani kabla ya kazi, na jioni nikitoka jikoni kwenye shule ninakopika, namkuta binti yangu anamfundisha kutamka majina ya vitu kwa kumwonyesha picha, kama mwalimu wa chekechea, na yeye anajikaza jasho linamtoka. Kuna siku alipata kusema "maji". Tulimnywesha mpaka akaomba kwa mkono tuache.

Mlio hakuja. Alituma matunda, alituma dawa, alituma salamu kwa kila aliyepita dukani kwake. Nikienda namkuta. Kazi imepungua, maana wateja walifuata shingo. Wengine wanakaa kitini, akimaliza wanaegemeza kichwa nyuma wenyewe wakisubiri, naye anawaambia imeisha, wanauliza mbona hujamaliza. Anawaambia ameumia mkono. Wanahamia kwa yule wa ng'ambo ya barabara, na kutoka pale alipokaa Mlio anaisikia milio ya ng'ambo. Nilimuuliza kwa nini asiende kumwambia yule jamaa. Akasema alikwenda. Jamaa alimcheka, akamwambia ana wivu wa biashara.

Huku ndevu za Kitinda zikaota. Yeye si mtu wa ndevu, zinamwasha, anajikuna mpaka ngozi inakuwa nyekundu. Nilimletea kinyozi wa mtaani nyumbani, akamsukuma mkono kwa kile kiganja cha kushoto, akaonyesha mlangoni. Nikadhani hamtaki tu yule. Nikaleta mwingine, ikawa vilevile, akaonyesha mlangoni na kunikazia macho. Hapo nikaelewa anamtaka nani.

Nilimfuata Mlio dukani mchana kweupe, wateja wakiwa wamekaa, nikamtia maneno ambayo sitayaandika. Akachukua mashine ya kunyolea. Wembe aliuacha, kwa ajili ya ile dawa. Tukatembea mpaka kwangu.

Kitinda alikuwa amekaa barazani kwenye kiti cha mbao. Alipomwona kaka yake alicheka kwa sauti ile yake, ndefu, na safari hii hakuifunga. Akamshika shati. Akalivuta, akalinusa, akacheka tena. Mlio alipiga magoti akamwekea kichwa mapajani, na Kitinda akampapasa utosi kwa mkono mzima, hata nikaingia ndani kuchemsha maji ambayo hayakuhitajika.

Nilipotoka Mlio alikuwa ameshamfunga kitambaa na kuwasha mashine. Alinyoa shavu moja, safi, akanyoa la pili. Alinyoa juu ya mdomo. Zikabaki za chini ya taya na kwenye koo. Kitinda akainua kidevu mwenyewe, akalegeza mabega, akafumba macho. Alikuwa ametulia kabisa. Mlio alipeleka vidole viwili vya kushoto ili amgeuze kichwa kidogo upande wa mwanga, jambo alilomfanyia tangu mtoto hajajua kusoma, na vidole vikafika karibu na ngozi vikasimama. Mashine inanguruma mkononi mwake, na yeye anaviangalia vidole vyake.

"Siwezi, dada," akaniambia, polepole, ili Kitinda asishtuke.

Aliniwekea mashine mkononi. Akatoka getini bila kuvaa viatu.

Kitinda alikuwa bado amefumba macho. Nikaanza kumnyoa mimi, na mimi sijui kunyoa, mkono wangu umezoea sufuria. Mara ya kwanza mashine ilipomgusa akajua. Hakunisukuma. Alifumbua macho, akatazama getini, akaendelea kuniinulia shingo.